Kuku Wako, Jirani Yako na Ofisi ya Mtaa

  Mama uliye jikoni, usizime jiko kwa ajili yangu, ongeza tu sauti ya redio. 

Leo tuzungumze kuku. Sina maana ya kuku wa biashara kubwa, wale wa mabanda marefu ya Kibaha na Chanika. Nasema kuku wa uani: wale sita, wanane, au kumi wakizidi, wanaokaa kwenye kibanda cha mabati na wavu nyuma ya nyumba, jirani na tangi la maji. Nani kati yetu hapa Dar es Salaam hana kuku, au hana jirani mwenye kuku? Tabata wapo. Mbagala wapo. Kimara kule milimani wapo. Hata Mikocheni, nyuma ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme, pita alfajiri utawasikia.

Swali langu la leo ni hili: inaruhusiwa?

Muulize yeyote mtaani, atakupa jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atakwambia, "Mifugo mjini marufuku, watakuja kukubomolea banda." Wa pili atacheka. "Kwani nani atakukataza kufuga kwako?" Na wote wawili hawako sawa. Ndiyo maana nimeona tulizungumze.

Hakuna sheria moja ya nchi nzima inayosema kuku ni haramu mjini. Kinachomhusu kuku wako ni sheria ndogo za halmashauri unayoishi. Halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kutunga sheria ndogo na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za miji. Kila halmashauri inatunga zake. Kwa hiyo ulichosikia kwa shemeji yako wa Temeke si lazima kiwe ndicho cha Kinondoni, na cha Morogoro si lazima kiwe cha Arusha. Utakachokuta mara kwa mara ni masharti: mifugo isizurure, banda liwe safi, wanyama wasizidi kiasi eneo linachoweza kubeba. Masharti, wasikilizaji. Masharti na marufuku ni vitu viwili.

Halafu ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Hiyo haina ugomvi na kuku. Inatafuta kero: uchafu, harufu, mazalia ya nzi, kitu chochote kinachohatarisha afya ya watu. Kuku kumi waliotunzwa vizuri hawaihusu. Kuku watatu wanaolala juu ya kinyesi cha mwezi mzima inawahusu sana.

Sasa sheria ndogo hizi ziko wapi? Hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mimi nauliza: nani kati yenu amewahi kulifungua gazeti hilo kwa ajili ya kuku? Ningekuwa na uwezo, ningeziandika kwa lugha nyepesi, ukurasa mmoja, nikazibandika kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa pale panapobandikwa matangazo ya mikutano. Jirani zetu wa Nairobi angalau walilitoa jambo hili gizani: kaunti yao ilitunga mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na mifugo imo. Hapa kwetu, njia fupi ni miguu yako. Nenda ofisi ya kata, muulize afisa mifugo, na ukimkuta afisa afya muulize na yeye. Uliza mambo matatu tu: naruhusiwa kufuga wangapi, banda likae umbali gani na nyumba za watu, na kuna kibali cha kuandikiwa? Haichukui muda, na afisa aliyekujua kabla ya ugomvi hakuoni mkorofi siku ya ugomvi.

Lakini nataka mshike hili, na nitalirudia: sheria hizi muda mwingi zimelala. Hakuna mgambo anayezunguka nyuma ya nyumba za watu kuhesabu vifaranga. Anayeziamsha ni jirani. Malalamiko yakifika kwa mwenyekiti wa mtaa, ndipo afisa afya anapokuja, ndipo unapoandikiwa notisi, ndipo siku zinapoanza kuhesabiwa. Maana yake, kibali cha kwanza cha kuku wako hakitoki halmashauri. Kiko ng'ambo ya ukuta.

Basi kibali hicho kinaombwaje? Kinaombwa kabla ya kununua hata msumari mmoja. Unakwenda jioni, unabisha hodi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Unakaa, mnasalimiana mpaka salamu ziishe, kisha unasema: "Mzee, nina mpango wa kuweka kuku wachache pale nyuma, karibu na ukuta wetu. Nimeona nisianze kabla sijakwambia. Wakikusumbua, usinyamaze, niite." Mzee atauliza wangapi, na kama kuna jogoo. Atakwambia pengine kuwa mkewe ana pumu, au kwamba dirisha la chumba cha watoto liko upande huo. Hapo umepata habari ambayo hakuna ofisi ingekupa. Sogeza banda upande wa pili. Na wewe unayepanga, anza na mwenye nyumba, kabla hata ya huyo mzee. Nyumba ya vyumba sita yenye uwanja mmoja na bomba moja, kuku wako ni kuku wa watu wote wakati wa usumbufu.

Haya. Jirani amekubali. Kipi kitakachomfanya abadili nia? Mara nyingi ni harufu, sauti, au miguu ya kuku wenyewe. Tuanze na harufu, kwa sababu ndiyo inayopeleka wengi ofisi ya mtaa, na ndiyo yenye dawa rahisi kuliko zote.

Kuku hanuki. Kinachonuka ni kinyesi chenye maji. Kinyesi kikiloa, vijidudu vinakifanyia kazi na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua na macho ukiinama bandani asubuhi. Kikikauka, harufu inapungua sana. Kwa hiyo kazi yako kubwa si kupulizia manukato wala kumwaga dawa. Kazi yako ni kuweka sakafu kavu.

Tandaza maranda ya mbao, ambayo mafundi seremala wengi wanatafuta pa kuyapeleka, au pumba za mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Unene wa sentimita tano hadi kumi. Kisha kila baada ya siku mbili, fanya hivi: ingiza mkono, chukua konzi moja ya maranda chini ya chombo cha maji, kunja ngumi, bana kwa nguvu, halafu fungua kiganja. Yakimwagika na kutawanyika, uko salama. Yakibaki tonge, sakafu imeloa, na harufu iko njiani kwa jirani. Ondoa hayo yaliyoloa, weka makavu. Kwa nini chini ya chombo cha maji? Kwa sababu ndipo unyevu unapoanzia. Kuku anakunywa kwa kuinua kichwa na kudondosha, tone kwa tone, siku nzima. Inua chombo kwenye tofali, kimo cha mgongo wa kuku, utaona tofauti wiki hiyo hiyo.

Msimu wa masika, tazama paa. Bati lipite ukuta wa banda kiasi cha mkono, mvua ya upepo isiingie. Na wale wanaoniuliza banda likae upande gani wa nyumba ili upepo uchukue harufu: wapenzi, sisi tuko pwani. Kusi ikivuma, harufu inakwenda kwa jirani wa kaskazini. Kaskazi ikiingia, inarudi kwa jirani wa kusini. Hakuna upande wa kumkimbia kila mtu. Sakafu kavu ndiyo inayofanya kazi misimu yote miwili.

Na nzi? Nzi wa nyumbani, kwa joto letu hili, anatoka kwenye yai mpaka kuruka kwa muda wa kama wiki moja hadi siku kumi. Ukizoa kinyesi kila wiki, unamkatiza njiani. Ukisubiri mwisho wa mwezi, umeshafuga vizazi kadhaa, na jirani ameshaanza kufunika chakula chake kwa kanga. Kinyesi ulichozoa usikitupe mtaroni, hilo ndilo kosa linaloleta notisi upesi. Kirundike mahali pakavu, kifunike, kiache wiki kadhaa kwanza, maana kibichi kinaunguza mimea, kisha mpe jirani mwenye bustani ya mchicha. Nimeona mlalamikaji akigeuka kuwa mteja wa mbolea.

Tugeukie sauti, na sauti ni jogoo. Koo hutetea akishataga, mchana, dakika chache, na hakuna mtu mzima anayekwenda kwa mwenyekiti kwa ajili hiyo. Jogoo ni habari nyingine. Msinikumbushe ile methali ya jogoo wa shamba. Siku hizi anawika mjini vizuri sana, tena saa tisa usiku.

Watu wengi hudhani anawika kwa sababu ameona mwanga. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, mchana na usiku sawa. Waliendelea kuwika kwa zamu za siku, kwa sababu saa iko ndani ya mwili wa jogoo mwenyewe. Na mwaka 2015 wakatoa jambo lingine tamu: majogoo wakikaa pamoja, anayeanza kuwika alfajiri ni mkubwa wao, yule anayewatawala wenzake, kisha wanafuata wengine kwa ngazi zao. Wakamwondoa mkubwa. Nani alianza? Wa pili yake. Kwa hiyo wewe mwenye majogoo matatu, ukimchinja mkubwa siku ya sikukuu ukidhani umemtuliza jirani, saa tisa ya usiku unaofuata kuna mwingine amepanda cheo.

Sasa swali muhimu kuliko yote jioni hii: una haja gani na jogoo? Kuku hutaga bila jogoo. Narudia, maana najua wapo watakaobisha: kuku jike hutaga mayai bila kuona jogoo maisha yake yote. Mayai hayo hayatotoi, basi. Kwa kukaanga, kwa chapati, kwa keki ya mtoto, hayana kasoro. Kuku sita wa mayai waliolishwa vizuri, wakiwa katika umri wao mzuri wa kutaga, wanaweza kukupa karibu trei moja kwa wiki, na usiku mtaa ukalala. Ukitaka vifaranga, nunua vilivyochanjwa, au tafuta mayai yenye mbegu kwa mfugaji mwingine umwekee koo wako aatamie, siku 21 umemaliza.

Anayeng'ang'ania jogoo, na wapo, kwa wengine jogoo ni heshima ya boma, basi amlaze ndani ya boksi la mbao lenye giza, lenye matundu ya hewa, na dari fupi. Jogoo huwika kwa kunyoosha shingo juu. Akikosa nafasi ya kuinyoosha, sauti inapungua. Asikae humo mchana. Mtoe jua likichomoza, na hewa iwe ya kutosha, la sivyo asubuhi utakuta kitoweo ambacho hukukipanga.

Mtu mmoja aliniambia kwa kujiamini, "Ulaya jogoo alishinda kesi." Ni kweli. Yuko jogoo aliyeitwa Maurice, kwenye kisiwa cha Oléron huko Ufaransa. Majirani wenye nyumba ya mapumziko pale walimshitaki mwenye jogoo kwa kelele za alfajiri, na mwezi Septemba 2019 mahakama ya Rochefort ikawakatalia na kuwaamuru wamlipe fidia mwenye jogoo. Mwaka 2021 Ufaransa ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Za mashambani, msikilizaji! Aliyehamia kwa wafugaji akutane na jogoo, hiyo tunaelewa. Ukiwa Sinza, madirisha mawili yakitazamana kwa hatua tano, usimtaje Maurice mbele ya mwenyekiti. Aliyehamia Goba akakuta mabanda ya watu yako pale tangu zamani, huyo ndiye kesi ya Maurice inamgusa.

Kwenye miguu ya kuku sitakawia. Kuku anayezurura anachakura mchicha wa watu, anakula mahindi yaliyoanikwa, anaacha choo barazani penye mkeka wa kulia. Hakuna utetezi hapo. Kiwanja cha 20 kwa 20 kinatosha uzio wa wavu, na ndani ya banda wape nafasi, kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba. Uzio pia unamzuia kunguru asivifikie vifaranga vyako, ilimradi ufunike na juu.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni ugonjwa. Mdondo, wengine mnauita kideri. Unaingia mtaani, na ndani ya siku chache mabanda ambayo hayakuchanjwa yanabaki matupu. Hauna dawa. Una chanjo. Ipo chanjo ya matone inayotengenezwa hapa hapa nchini, I-2, na inavumilia joto kuliko zile za zamani. Unamshika kuku, unamlaza ubavu, unadondosha tone moja jichoni, unasubiri apepese limeingia, unamwachia. Unarudia kila baada ya miezi mitatu.

Tatizo ni chupa. Chupa moja imetengenezwa kwa kuku wengi, mia au zaidi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi mpaka mwezi ujao. Wewe una kuku wanane. Unaona ni hasara, unaacha. Jirani ana sita, anaacha. Wa nyuma ana kumi na wawili, anaacha. Mdondo unawapitia wote. Kwa nini msichange? Nyumba kumi zikinunua chupa moja, kila mmoja anatoa fedha ya vitumbua. Mkubaliane siku, mwiteni afisa mifugo au kijana aliyefundishwa, apite banda kwa banda asubuhi moja. Na hapa ndipo jirani anapoacha kuwa mtu wa kuogopwa: kuku wake wasipochanjwa, ndiko ugonjwa utakakotokea kuja kwako.

Sasa niseme na wewe usiye na kuku, mlalamikaji. Una haki yako na sikuondolei. Lakini ulikwenda kwanza kwake, au ulikwenda moja kwa moja kwa mjumbe? Ulimwambia, "Jirani, harufu inaingia chumbani," au ulifunga dirisha kwa kishindo ukitegemea aelewe? Mtu anayepelekewa barua ya ofisi kabla ya neno la mdomo hukasirika, na mtu mwenye hasira hasafishi banda. Na wale wanaotega sumu kwenye punje za mahindi: huo ni ukatili, na tangu mwaka 2008 nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayokataza ukatili wa namna hiyo. Tena sumu haichagui. Mtoto anayetambaa naye huokota punje.

Na wenye kuku wa nyama mia tano nyuma ya vyumba vya kupanga, najua mnasikiliza, mnasema huyu anatutetea. Siwatetei. Kuku mia tano ni biashara. Inataka eneo lake, leseni yake na kibali chake, na mbele ya mwenyekiti ningekaa upande wa jirani yako.

Muda unanikimbia, ila kuna swali la msikilizaji nimelibeba, nalipenda sana. Anauliza: kuku wangu ameruka ukuta, akataga kwenye boksi la nguo kwa jirani, yai ni la nani? Mwenye kuku ndiye mwenye yai, sioni ubishi. Ila na mimi namuuliza: kuku amekula pumba za nani siku hizo, amekanyaga nguo za nani? Ningekuwa mimi ningemchukua kuku wangu, nikakata manyoya ya mbele ya bawa moja asiruke tena, na yai ningeliacha. Wewe unayeona nimekosea, niandikie kupitia kituo chetu, nitasoma hoja yako hewani.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, ni zamu ya mbuzi, na huko kuna ugomvi mkubwa zaidi.